Barua ya wazi kwa wakuu wa vitivo vya uhandisi: tuandaeni kabla ya kutukabidhi darasa

Kwa wakuu wa vyuo vikuu, wakuu wa vitivo na wakuu wa idara za uhandisi,

Waheshimiwa, mimi ni mwanafunzi wa uzamivu katika uhandisi mitambo. Kama walivyo wenzangu wengi, mchana nafundisha na usiku narudi kwenye utafiti wangu. Naendesha semina za mekanika (somo la kani na mwendo) na themodinamiki (somo la joto na nishati), nasimamia maabara, nasahihisha mazoezi, majaribio na sehemu kubwa ya mitihani. Naipenda kazi hii kwa dhati. Nawaandikia kwa sababu namna tunavyoifanya sasa inawanyima wanafunzi wa shahada ya kwanza kitu walichokuja kukitafuta, na nyinyi mna uwezo wa kulirekebisha hilo.

Ombi langu ni moja lenye pande mbili. Tuandaeni kabla ya kutukabidhi darasa, na tukishafundisha, tuulizeni tumeona nini.

Kwa kawaida mambo huenda hivi. Siku chache kabla ya muhula kufunguliwa, mwanafunzi wa uzamili au uzamivu hupokea ujumbe wenye jina la kozi, chumba na saa. Pengine ujumbe huo huja na slaidi za mwaka uliopita na majibu ya mazoezi. Anayeutuma ana kozi nyingi za kutafutia watu na muda mchache, kwa hiyo simlaumu. Lakini hakuna anayeuliza kama aliyepangiwa amewahi kusimama mbele ya darasa, kama yeye mwenyewe aliwahi kuisoma kozi hiyo, au kama anajua la kufanya mwanafunzi anaposema "sielewi" kisha akanyamaza. Inachukuliwa tu kwamba aliyefaulu somo anaweza kulifundisha. Kufaulu humwezesha mtu kufika kwenye jibu. Anayefundisha anatakiwa pia azijue njia ambazo mtu mwenye akili zake timamu anaweza kupotea kabla ya kufika, na hizo hazimo kwenye slaidi za mwaka uliopita.

Niwape mfano mmoja kutoka semina ya statiki, yaani somo la kani kwenye vitu vilivyotulia, maana bila mfano mtadhani nalalamikia uchovu.

Tarehe 17 Julai 1981, katika mji wa Kansas City, Marekani, madaraja mawili ya watembea kwa miguu yaliyoning'inia ndani ya ukumbi wa hoteli ya Hyatt Regency yaliporomoka. Watu 114 walifariki. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zilizoshuka kutoka darini, zikapenya kwenye boriti za daraja la juu na kuendelea hadi daraja la chini. Baadaye, ili kurahisisha utengenezaji, kila fimbo ilikatwa ikawa mbili: moja kutoka darini hadi daraja la juu, nyingine kutoka daraja la juu hadi la chini. Basi huwaomba wanafunzi waichore boriti ya daraja la juu ikiwa peke yake, kisha waweke kani zote zinazoigusa, mara ya kwanza kwa mpangilio wa awali na mara ya pili kwa mpangilio uliobadilishwa.

Wengi huchora boriti, huweka uzito wa daraja lenyewe, huweka mvuto wa fimbo kwenda juu, basi. Michoro yao miwili hutoka sawasawa. Ukiwauliza daraja la chini limeshikwa na nini, wanajibu: fimbo. Na fimbo hiyo ya pili imeshikwa na nini? Hapo darasa linanyamaza. Mwalimu ambaye hakuandaliwa, mwenye dakika 50 na maswali manne ya kumaliza, atakwenda ubaoni auchore mshale uliokosekana. Wote watanakili, wote wataitikia kwa kichwa, na wiki mbili baadaye kwenye jaribio mshale huo utakosekana tena.

Aliyeandaliwa husubiri. Huwaambia wafikirie watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba moja, kila mmoja akiishika kwa mikono yake. Kisha yule wa chini aiachie kamba na kushika miguu ya mwenzake. Kamba bado inabeba watu wawili kama mwanzo, lakini mikono ya yule wa juu sasa imebeba mara mbili. Halafu mwalimu hunyamaza tena, na kunyamaza huko ni kugumu kuliko kueleza, mpaka mwanafunzi mmoja aichukue penseli, achore kwenye boriti ya juu mshale unaovuta kwenda chini kutoka fimbo ya pili, na kusema kwa sauti kwamba nati iliyo chini ya boriti ile imebebeshwa madaraja mawili. Nimeziona nyuso zao saa hiyo. Mtu aliyeupata mshale ule mwenyewe, siku akiletewa mezani ombi la "badiliko dogo" ili kazi ya kiwandani iwe rahisi, ataomba kwanza auone mchoro.

Kusubiri kwa namna hiyo ni ujuzi, na unafundishika kama ujuzi mwingine wowote. Mtu huonyeshwa, hujaribu mbele ya wenzake, huambiwa alipoharakisha, hujaribu tena. Sisi hatuonyeshwi.

Ushahidi kwamba maandalizi yana maana upo, tena umetoka kwenye madarasa kama yetu. Mwaka 2011 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, kwenye kozi ya fizikia ya mwaka wa kwanza inayosomwa na wanafunzi wa uhandisi. Makundi mawili, kila moja likiwa na wanafunzi zaidi ya 260, yalifundishwa mada ileile ya mawimbi ya sumakuumeme kwa wiki moja. Kundi moja lilikuwa na profesa mzoefu, tena anayesifiwa na wanafunzi. La pili lilifundishwa na kijana aliyekuwa amemaliza uzamivu akisaidiwa na mwanafunzi aliyekuwa bado kwenye masomo ya juu, mtu kama mimi. Uzoefu wao wa kufundisha ulikuwa mdogo, lakini walikuwa wamefunzwa mbinu: maswali ya kujadiliana na jirani, kazi za vikundi vidogo, mrejesho wa papo hapo. Kwenye jaribio la baadaye kundi la profesa lilipata wastani wa asilimia 41. La vijana wale lilipata 74. Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2001, alikuwa mmoja wa waandishi.

Wiki moja si muhula, na sitaki kuubebesha utafiti huo zaidi ya uwezo wake. Lakini hausimami peke yake. Mapitio ya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati yaliyochapishwa mwaka 2014 yalikuta kwamba katika kozi za mihadhara mitupu wanaofeli walikuwa wastani wa asilimia 34 hivi, na katika kozi zinazowashirikisha wanafunzi walikuwa karibu 22. Ukiichukua tofauti hiyo ukaiweka kwenye darasa la watu 120, ni zaidi ya wanafunzi kumi wanaorudia kozi au kuacha uhandisi kabisa. Ninapoomba tuandaliwe, nawaombea hao.

Nije kwenye usahihishaji. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo muda wetu mwingi unapokwenda na ndipo panapotazamwa kidogo kuliko kwingine kote. Chukueni tena darasa hilo la 120 na zoezi moja la maswali matatu. Ukitaka kuzisoma hatua za mwanafunzi, badala ya kuangalia namba ya mwisho peke yake, huwezi kutumia chini ya dakika 10 kwa kila mmoja. Hizo ni saa 20, kwa zoezi moja. Mikataba niliyoiona huhesabu saa za darasani. Maandalizi na usahihishaji hubaki vikielea, mtu avifanye atakavyojua. Kinachofuata mnaweza kukikisia. Msahihishaji anatafuta namba iliyopigiwa mstari, ikilingana na mwongozo anaweka vema, isipolingana anaweka kosa, anageuza ukurasa. Aliyekosea alama ya kutoa kwenye mstari wa mwisho na ambaye hakuelewa chochote tangu mwanzo wanarudishiwa karatasi zinazofanana. Hakuna kati yao anayejua arudi wapi.

Kisha kuna mwongozo wenyewe. Katika kozi moja niliyosaidia, kizio (kipimo kinachoandikwa baada ya namba) kilichokosewa kilikatwa nusu alama. Mwanafunzi ana akili ya kupiga hesabu: nusu alama haistahili kuhangaikiwa. Hivyo ndivyo tunavyomfundisha, bila kutamka neno, kwamba kilopaskali na megapaskali, vizio vya kanieneo vinavyotofautiana mara elfu moja, ni suala la unadhifu. Septemba 1999 chombo cha NASA kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika sayari ya Mirihi. Programu moja ya huku duniani ilikuwa ikitoa takwimu za msukumo kwa vizio vya paundi, na waliozipokea walizitumia kana kwamba ni newtoni. Paundi moja ya kani ni newtoni 4.45 hivi. Msahihishaji akipewa nafasi ya kushauri juu ya mwongozo, jambo kama hili angelisema siku ya kwanza. Lakini mwongozo hutufikia ukiwa umeshafungwa.

Ipo pia fomu ya tathmini ambayo wanafunzi huijaza mwisho wa muhula. Mara nyingi ndiyo kitu pekee mnachokijua kuhusu ufundishaji wetu. Naomba msiitupe, maana wanafunzi wana haki ya kusema. Lakini someni pamoja nayo utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kutoka madarasa ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Harvard: wanafunzi walioshughulishwa darasani walijifunza zaidi, ila wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko wenzao waliosikiliza mhadhara uliotiririka vizuri. Kutoka jasho na swali hakupendezi. Mwanafunzi wa uzamivu ambaye kazi yake ya muhula ujao inategemea fomu hiyo, na ambaye hakuna mkubwa aliyewahi kuketi nyuma ya darasa lake amwone, atajifunza haraka kutiririka. Njooni mketi. Njooni mtuone tukifundisha, na mtuambie ukweli.

Maabara na karakana nazitaja kwa ufupi, kwa kuwa sidhani kama kuna wa kubishana nami. Kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na chaji baada ya umeme kuzimwa. Mashine ya kukereza, ambayo huzungusha chuma ili kikatwe, haijui tofauti kati ya chuma na mkono wa shati, na glavu ambazo mgeni huzidhania kinga ndizo zinazomvuta ndani. Aprili 2011, katika Chuo Kikuu cha Yale, mwanafunzi aliyekuwa akifanya kazi peke yake usiku karakanani alifariki baada ya nywele zake kunaswa na mashine ya aina hiyo. Hakuna anayepaswa kusimamia wanafunzi kwenye mashine ambayo yeye mwenyewe hajafunzwa na kupitishwa na fundi sanifu wa karakana. Hata kama ratiba imebana, hata kama aliyepangwa mwanzo anaumwa. Siku hiyo maabara iahirishwe.

Sasa upande wa pili wa ombi langu. Huu sijausikia ukizungumzwa kwenye vikao ninavyovijua, nami naona ndio wenye hazina kubwa zaidi.

Sisi ndio tunaosoma makosa. Mhadhiri huona wastani wa alama. Sisi huona mwandiko, mistari iliyofutwa, mshale uliochorwa kisha ukageuzwa. Tunajua kwamba wanafunzi wengi huandika msuguano kuwa sawa na mgawo wake mara kani ya kuegemea (kani ambayo sakafu husukuma nayo kitu kilicho juu yake) hata pale kitu kilipotulia na hakijakaribia kuteleza. Tunajua kwamba kwenye saketi wapo wanaoamini mkondo "hutumika" ukipita kwenye balbu ya kwanza, kwa hiyo ya pili inapata kidogo. Makosa haya yana mantiki yake ndani, na mwanafunzi hawezi kuyaacha kwa kuonyeshwa jibu sahihi peke yake. David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, na wenzake, mwaka 1992, walichapisha jaribio la mekanika ambalo majibu yake ya uongo yametoholewa kwenye mawazo halisi ya wanafunzi, na jaribio hilo likabadilisha namna fizikia inavyofundishwa sehemu nyingi. Malighafi ya aina hiyo inapita mikononi mwetu kila wiki. Tukimaliza, alama huingizwa kwenye mfumo, karatasi hufungiwa kabatini, na mwaka unaofuata mhadhara uleule hutolewa kwa slaidi zilezile.

Nimeshuhudia mara moja jinsi ingeweza kuwa. Kwenye themodinamiki kulikuwa na swali la hewa ndani ya tangi, geji (kifaa cha kupimia kanieneo) ikisoma kilopaskali 200. Sehemu kubwa ya darasa iliichukua 200 hiyo moja kwa moja na kuiingiza kwenye kanuni ya gesi, bila kuongeza kanieneo ya angahewa, ambayo ni kilopaskali 101 hivi. Mtu akiangalia alama tu angesema hawajui kanuni ya gesi. Waliijua vizuri kabisa. Hawakujua geji inapima nini: kwamba sindano yake inasimama kwenye sifuri wakati tangi limejaa hewa ya kawaida. Nilikutana na mhadhiri wa kozi kwenye ngazi, nikamweleza, tukasimama hapo tukizungumza mpaka tukachelewa sote wawili. Mwaka uliofuata alileta geji darasani, akaipitisha mikononi mwa wanafunzi ikiwa haijaunganishwa na chochote, akawauliza kwa nini inasoma sifuri ilhali hewa ipo chumbani. Kwenye karatasi nilizosahihisha mwaka huo kosa lile lilikuwa limekaribia kuisha.

Mhadhiri yule ana moyo, na mimi nilibahatika kumkuta ngazini. Idara haiwezi kutegemea ngazi. Nusu saa kwa wiki inatosha: mhadhiri wa kozi na wote wanaomsaidia, mezani pakiwa na karatasi chache zilizokosewa kwa namna moja, na swali la kwa nini. Wajumbe wa ithibati, yaani wanaothibitisha ubora wa masomo, wanapokuja kukagua programu zenu huomba kuona sampuli za kazi za wanafunzi. Zisomeni nyinyi kwanza, pamoja nasi, muhula ukiwa bado unaendelea na wanafunzi wenyewe bado wapo.

Najua majibu yatakayokuja. Litakuja la fedha. Siku chache za mafunzo kabla ya muhula, zikiendeshwa na wahadhiri wenu wenyewe wanaofundisha vizuri, zina gharama ndogo kuliko kurudiwa kwa kozi moja na wanafunzi waliofelishwa na semina mbovu. Litakuja pia la kwamba hata maprofesa wetu hawakufundishwa kufundisha, na wakafika. Wengine walifika, ndiyo. Mimi nawafikiria waliokaa nao darasani ambao hawakufika, ambao leo hawapo vitivoni kutoa ushuhuda. Na litakuja, hasa kutoka kwa baadhi ya wasimamizi wa utafiti, lile la kwamba kufundisha kunatupotezea muda wa kuandika makala. Hilo linaniuma kuliko mengine. Tunaambiwa tufundishe kwa kiasi cha kutoleta malalamiko, kisha turudi maabara. Kama kufundisha ni hasara kwetu, basi waliolipa karo wamekaa mbele ya mtu aliyeelekezwa asiwape kila alicho nacho.

Vikao vya kugawa kozi za muhula ujao viko karibu. Naomba yaingie kwenye ajenda mambo haya: kwamba asipangiwe darasa mtu ambaye hajapitia mafunzo na kufundisha kwa majaribio mbele ya wenzake, kwamba mkataba wake utaje saa za maandalizi na za kusahihisha, kwamba mhadhiri wa kozi aketi kwenye semina yake mapema muhula ungali mchanga, na kwamba kikao cha makosa cha kila wiki kiwekwe kwenye ratiba kama vipindi vingine. Kwa hicho cha mwisho hamhitaji kusubiri bajeti. Nimekuwa nikiyaandika makosa ninayoyaona, kozi kwa kozi, pamoja na ninachodhani kuwa chanzo cha kila moja, na najua wenzangu wa idara nyingine wanaofanya vivyo hivyo. Tupeni chumba na saa, tutakuja nayo.

Wenu katika kazi,

Mwanafunzi wa uzamivu, uhandisi mitambo